Jinsi ya kusoma stori za wapanda Everest bila kupigwa kamba

Nimesoma hizi stori za milima mirefu miaka kibao, Everest, K2, Annapurna, na mwanzoni nilikuwa nameza kila kitu kama uji. Siku hizi nina utaratibu wangu, kama ndo unaanza chukua tu.

Anza na saa. Kabla hujavutiwa na mbwembwe za kileleni tafuta jamaa aligeuza kurudi chini saa ngapi. Everest upande wa Nepal watu wanatoka kempu ya mwisho usiku, ikifika saa nane mchana hivi hujafika unatakiwa ugeuze hata kama kilele unakiona kwa macho, manake mwanga na oksijeni vitakuishia njiani. Mei 10, 1996 Rob Hall, kiongozi wa msafara mzoefu kabisa, saa kumi jioni bado alikuwa juu kule na mteja wake, dhoruba ikapiga, na mpaka kesho yake mlima ulikuwa umeshachukua watu 8.

Halafu angalia msimulizi alikuwa urefu gani. Kule kileleni, mita 8,848, oksijeni unayoivuta ni kama theluthi tu ya ile ya Tanga au Mombasa, yaani kichwa kinakata netiweki. Jon Krakauer, mwandishi aliyekuwa kwenye msafara huohuo wa Hall, alisema kabisa alikutana na mwenzao Andy Harris karibu na mahema, kumbe yule alikuwa mtu mwingine, Harris hakurudi kamwe. Baadaye akakiri mwenyewe, na hapo mi ndo nilimwamini zaidi. Ila usiishie kwake, soma na ya Anatoli Boukreev, kiongozi kwenye msafara mwingine siku ileile, maana Krakauer alimlaumu kwa kupanda bila mtungi wa oksijeni na kushuka kabla ya wateja, yeye anasema alishuka ili awe na nguvu ya kurudi kuwasaidia, na kweli usiku ule alitoka peke yake kwenye upepo akarudisha watu 3. Soma zote mbili uamue, mi bado nabadilika kila nikirudia.

La tatu ndo watu wengi wanaliruka: nani alibeba mzigo? Wagumu wa Kilimanjaro, yaani wapagazi, watanielewa. K2 mwaka 1954 Waitaliano Compagnoni na Lacedelli walifika kileleni wakawa mashujaa, lakini mitungi ilipandishwa na Walter Bonatti na Amir Mahdi, mbebaji wa kutoka Hunza, Pakistan, hema la akina Compagnoni wakalikuta limehamishwa sehemu wasiyoweza kufika, wakalala nje kwenye barafu kama mita 8,100 bila hema bila chochote. Mahdi alikatwa vidole vya miguu. Na Bonatti ilibidi asubiri zaidi ya miaka 50 ndo chama cha milima cha Italia kikaukubali ukweli wake, kwa hiyo ukisoma ripoti rasmi tu umepigwa.

Mitungi pia ulizia, kupanda nayo na kupanda bila kama wapandaji Messner na Habeler kule Everest 1978 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na picha jamani, kila picha jiulize kamera kashika nani. Ile maarufu ya Everest 1953, wawili wa kwanza walipofika kileleni, ni Tenzing Norgay, aliyempiga ni mwenzake Hillary, na Hillary mwenyewe hana hata picha moja akiwa pale juu.