Somo: Biskuti za oti zinazolia mdomoni, na aisingi yake

Ukitaka biskuti ya oti inayolia ukiiuma, kazi yako kubwa ni kuitoa maji. Siagi ina maji, yai lina maji, na oti ni hodari wa kuyanyonya na kuyashika. Vipimo hivi vinatoa biskuti kama 20.

Oti bapa gramu 130
Unga wa ngano gramu 110
Siagi laini gramu 115
Sukari nyeupe gramu 120, ya kahawia gramu 30
Yai 1
Beking soda nusu kijiko cha chai
Mdalasini nusu kijiko cha chai
Chumvi robo kijiko cha chai
Vanila kijiko 1 cha chai
Ya juu: sukari ya aisingi gramu 120, maziwa kijiko 1 kikubwa au kuzidi kidogo

1. Washa oveni nyuzi 165. Tandaza oti kwenye trei, zikaange humo dakika 10, uzigeuze mara moja. Tafadhali usiruke hatua hii. Oti zinakauka, zinanukia kama karanga, na ladha yake huwezi kuipata kwa kuongeza vanila. Ziache zipoe kabisa, maana zikiwa moto zitayeyusha siagi. Kisha saga nusu yake kidogo tu, zibaki chengachenga.

2. Piga siagi na sukari zote mpaka ziwe nyepesi, tia yai na vanila, piga tena.

3. Changanya vikavu vyote pamoja na oti, mimina, koroga kwa mwiko mpaka unga usionekane. Basi, usiendelee.

4. Fanya viduara vya kijiko kikubwa kimoja, vipange kwa nafasi kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, uvibonyeze viwe bapa, unene wa nusu sentimita hivi. Biskuti nene hubaki na utepetevu katikati hata ukiichoma muda mrefu.

5. Oka dakika 18 hadi 20. Usiangalie pembeni, angalia katikati: pawe pameshika rangi ya dhahabu. Zikitoka zitakuwa bado laini, zinakazana zikipoa. Ziache kwenye trei dakika 5, kisha zihamishie kwenye waya ili mvuke usizirudie kwa chini.

6. Aisingi ndiyo inayoharibu biskuti nyingi nzuri. Koroga sukari ya aisingi na maziwa; iwe nzito, ikidondoka kutoka kwenye kijiko ibaki na alama kidogo kabla ya kuzama. Biskuti ziwe baridi kabisa. Geuza kila moja, gusisha uso wake tu kwenye aisingi, inyanyue, acha iliyozidi idondoke. Iingie kwenye vilima, mabonde yabaki wazi. Hapo ndipo uzuri wake. Rudisha kwenye waya saa 1 au 2 mpaka ikauke ngumu.

MASWALI

Dada, asante kwa somo. Nina oti zile za kuiva haraka, zitafaa?
Zitafaa mpenzi, ila usizisage, na zikaange dakika 6 tu kwa sababu huungua upesi. Biskuti itakuwa laini zaidi kwa ndani.

Naweza kutia asali badala ya sukari?
Kwa biskuti hii hapana. Asali huvuta unyevu wa hewani, na hata sukari ya kahawia nimeiweka kidogo kwa sababu hiyo hiyo.

Zangu zililia siku ya kwanza, kesho yake zikalegea. Nimekosea wapi?
Uliziweka koponi zikiwa na uvuguvugu, au kopo halifungi vizuri. Zisizo na aisingi zirudishe oveni nyuzi 150 kwa dakika 5, uzipoze tena. Zenye aisingi usizirudishe, itayeyuka. Ndiyo maana mimi huonja moja iliyopoa kabla ya kupaka: ikiwa hailii, naziongezea moto kwanza.

Aisingi yangu imenyonywa yote, juu hapaonekani kitu.
Ilikuwa nyepesi, dada. Ongeza sukari ya aisingi kijiko kimoja kimoja, halafu pitisha mara ya pili ile ya kwanza ikishakauka.