Mtoto aliyelala na viatu: jinsi nilivyomtafutia tiba binti wa dada yangu

Binti wa dada yangu alikuwa na miaka minane alipoletwa kwangu Arusha, siku chache baada ya matope na mawe ya Mlima Hanang kushuka Katesh, Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Mama yake hakutoka. Mtoto alikuja na begi la kupewa na raba nyeupe za kupewa, na tangu usiku wa kwanza alikataa kuzivua wakati wa kulala. Mvua ikigonga mabati, anakaa kitako kitandani mpaka kunakucha. Godoro lililowa karibu kila usiku. Mchana aliokota vitambaa chini ya cherehani yangu, akavifunga vikawa watu, akawafukia kwenye udongo nyuma ya nyumba. Anawafukua, anawafukia tena.

Watu wazima wote walinipa shauri moja: usimkumbushe. Nilitii kwa miezi minne. Naandika haya kwa mlezi aliye pale nilipokuwa mimi, ili asiipoteze miezi yake.

Wiki za kwanza

Mwanzoni usikimbilie mshauri, na usimkamue mtoto maneno. Anachohitaji ni chakula kwa saa ileile, mtu yuleyule wa kumlaza, shule mapema iwezekanavyo, na majibu ya kweli. Akiuliza mama yuko wapi, usiseme amesafiri. Mwambie amefariki, kwa neno hilo hilo, na umwambie nani atamtunza sasa. Watoto wengi hupata nafuu kwa utulivu huo tu ndani ya mwezi mmoja hivi.

Mwezi ukipita na bado haponi, au hali inazidi, hapo ndipo unatafuta tiba ya kiwewe, yaani jeraha la moyo linaloachwa na balaa. Mdogo wa chini ya miaka sita hurudi nyuma: anakojoa kitandani, ananyonya kidole, anang'ang'ania nguo yako, anacheza mchezo uleule wa balaa bila kuufurahia. Mkubwa huumwa tumbo na kichwa bila hospitali kuona ugonjwa, hushtuka ovyo, hukasirika, hushuka darasani. Wangu alipigwa fimbo na mwalimu kwa kuangalia dirishani wakati wa hesabu. Nilikwenda shuleni nikaeleza. Wewe nenda kabla ya fimbo.

Kuna mambo mawili hayasubiri mwezi. Mtoto anayesema anataka kufa au anajiumiza, mpeleke hospitali leo. Na mtoto aliyebakwa au kulawitiwa afike hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zina maana ndani ya muda huo tu, na mapema zaidi ni bora. Asiogeshwe kwanza, nguo zake zisifuliwe. Fomu ya polisi, PF3, itahitajika kwa kesi, na Dawati la Jinsia na Watoto kituoni litakusaidia.

Pa kuanzia

Mimi nilianzia kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata, akaniandikia barua ya hospitali. Ukikosa njia, piga 116 bila malipo, namba ya kusaidia watoto. Kenya nao wanatumia hiyo hiyo.

Mahali pa kwanza tulipopelekwa, mtoto aliketishwa mbele ya watu wazima watatu akaambiwa asimulie yote, palepale. Hakusema neno siku mbili. Baadaye nilielewa kwamba hilo ni kosa linalojulikana: kumlazimisha mtu asimulie balaa lote kwa mkupuo hakumponyi. Kwa hiyo kabla ya kumwachia mtu mtoto wako, muulize: umefundishwa tiba gani ya kiwewe? Umewahi kuifanya na watoto? Simulizi itaanza lini, na utamwandaaje kabla? Mimi mlezi nitashiriki wapi? Tutajuaje kwamba anapona? Mtaalamu mzuri hachukizwi na maswali hayo. Wa pili niliyempata aliyajibu yote, kisha akaniuliza swali moja mimi: "Na wewe dada, umemlilia dada yako?"

Tiba zenyewe

Iliyomponya wangu ni tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, iliyotungwa Marekani na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger. Ina hatua, na hatua hazirukwi. Kwanza mtoto na mlezi wanaelezwa kiwewe ni nini, kwamba mwili unaendelea kupiga king'ora ingawa moto umezimika. Kisha anajifunza kujituliza. Mshauri alimwambia, "Vuta harufu ya uji, halafu upulize upoe," na mpaka leo mtoto akishtuka utaona mashavu yake yanapuliza uji usiokuwepo. Kisha anajifunza kuzitaja hisia kwa majina. Wangu alikuwa na neno moja tu, "naumwa". Ndani yake tulikuta hofu, hasira, aibu.

Simulizi ilianza kikao cha tano. Mtoto anasema, mshauri anaandika kwenye daftari, kidogo kidogo: wiki moja usiku wa kuamkia siku ile, wiki nyingine sauti aliyoisikia. Kila kikao wanasoma tangu mwanzo kabla ya kuongeza. Hofu inachoka kwa kurudiwa, kama kanga mpya inavyolainika kwa kufuliwa.

Kikao cha nane ndipo daftari lilipofika mlangoni. Siku ile, yeye na mama yake walipotoka nje, alilia kwamba hana viatu. Mama alirudi ndani kuvichukua.

Miezi yote ile mtoto alikuwa amebeba peke yake kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yake. Ndiyo maana hakuvua raba: asije akamrudisha mtu mwingine ndani. Na sisi tulikuwa tunamwambia asikumbuke! Mshauri hakumkatiza kwa "usiseme hivyo". Alimuuliza taratibu: mtoto wa miaka minane angejuaje kwamba mlima unashuka? Mama yake aliyekuwa mtu mzima alijua? Kama rafiki yako angelilia viatu, ungesema amemuua mama yake? Baada ya wiki kadhaa mtoto mwenyewe aliandikisha sentensi hii: "Mama alirudi kwa sababu alinipenda, hakujua." Kisha akanisomea mimi daftari lote. Mlezi huandaliwa kwa siku hiyo kwenye vikao vyake mwenyewe, maana kazi yako ni kusikia bila kuvunjika mbele yake. Nililia, lakini nilibaki kwenye kiti.

Mwishoni tuliikabili mvua. Sauti ya mvua kwenye simu, chini kabisa, huku anapuliza uji. Juu kidogo. Kisha barazani wakati wa manyunyu. Hofu ya kitu kisichodhuru ndiyo huzoeshwa hivi. Mtoto ambaye anayemtesa bado yuko nyumbani hazoeshwi, anaondolewa kwenye hatari kwanza.

Usidhani tiba hii inamhitaji profesa. Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi walihusishwa katika utafiti. Nusu yao walitibiwa kwa njia hii katika vikundi, kwa vikao 12 vya kila wiki, na washauri wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa. Programu iliitwa Pamoja Tunaweza. Matokeo yalitoka 2020: Kenya nafuu ya waliotibiwa hivi ilikuwa kubwa kuliko ya wenzao na ilidumu mwaka mzima. Tanzania, baada ya mwaka, hata wale ambao hawakupewa tiba hii walikuwa wamewafikia. Mshauri wangu alinieleza yote mawili, na kwa hilo nikamwamini zaidi.

Kama balaa la mtoto si moja bali ni mfululizo, kama wakimbizi waliokimbia zaidi ya mara moja, kuna tiba ya simulizi ya maisha. Kamba inalazwa sakafuni, ndiyo maisha yake tangu kuzaliwa. Ua linawekwa penye jema, jiwe penye baya, kisha wanaisimulia kamba kwa mpangilio mpaka mwisho, ambapo sehemu yake huachwa imekunjwa kwa maisha yajayo. Kaskazini mwa Uganda, vijana waliowahi kutekwa na waasi walitibiwa kwa simulizi la namna hii nyumbani kwao, na washauri wa hukohuko.

Ipo pia ile ya kufuata kidole au mwanga kwa macho huku ukishikilia kumbukumbu, iliyoanzishwa na Francine Shapiro. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2013, pamoja na mazungumzo yanayolenga kiwewe. Ukimpata aliyeisomea kweli, usiogope kwamba ni mazingaombwe.

Wadogo wasio na maneno huongea kwa mchezo, udongo na michoro, na mlezi akiwa chumbani. Ile michezo ya kufukia niliyokuwa nakataza, mshauri aliigeuza: mtu wa kitambaa akifukiwa, wanatafuta nani anakuja kumchimbua.

Kuhusu dawa za usingizi na za kutuliza: Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wasipewe kwa ajili ya kiwewe. Akiandikiwa, uliza sababu. Na maombi? Tuliomba na tunaomba. Lakini nilikataa kikao cha kumkemea pepo, kwa sababu mtoto aliyejiona muuaji angesikia kwamba kanisa zima limekubaliana naye.

Jiandae kwa hofu kurejea. Kila Novemba ikiisha naongea na mwalimu wake mapema, natandika karatasi ya nailoni chini ya shuka bila kusema kitu, na Jumapili ya kwanza ya Desemba anatoa daftari, anasoma kwa sauti mezani. Mwaka jana aliongeza ukurasa kuhusu makande ya mama yake. Raba zile hazimtoshi tena. Ziko kwenye kabati, na amesema tusimpe mtu.