Mbio za mlimani siku ya pili ya Krismasi: mambo ya kuzingatia kabla

Kapchorwa, huku kwetu kwenye Mlima Elgon mashariki mwa Uganda, haijawahi kukosa wakimbiaji. Huku ndiko kwao Stephen Kiprotich, aliyeleta dhahabu ya marathoni kutoka London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, aliyeshinda mita 10,000 Paris mwaka 2024. Ukitangaza mbio za tarehe 26 Desemba, vijana wamesharudi nyumbani kutoka Kampala na Mbale, watajitokeza bila kubembelezwa. Kazi iko kwenye njia, na kwa watu ambao njia hiyo inapita mlangoni mwao.

Njia itembee mwenyewe kwa miguu wiki mbili kabla, hata kama ni ileile ya miaka yote. Mvua zikishapita utakuta ukingo umemomonyoka, gogo la kuvukia kijito limeoza, au mtu kajenga ua mpya pale mlipokuwa mnakata kona. Desemba mvua hupungua, lakini ikinyesha usiku mmoja tu, udongo wa Elgon huteleza kama sabuni. Kwa kila mteremko mkali uwe na njia ya pili uliyokwisha kuikagua. Ikiwa mnaingia ndani ya Hifadhi ya Mlima Elgon, ruhusa hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Peleka barua mapema, ofisi zisije zikafungwa kwa sikukuu. Polisi nao wapewe taarifa kwa maandishi.

Kisha nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, katika kila kijiji, na kutoka kwake nenda nyumba kwa nyumba. Hapa usiharakishe. Desemba ni msimu wa kahawa, na turubai huanikwa kando ya njia hizihizi. Mwaka wetu wa pili wakimbiaji walipita juu ya turubai la mama mmoja, kahawa ikatawanyika kwenye vumbi. Alikuwa amepiga magoti akiokota punje mojamoja nilipofika kuomba radhi. Akaniambia, "Mwanangu, hii ndiyo karo ya Februari." Tulilipa, na tangu hapo tunakubaliana na kila nyumba: kahawa itoke nje saa nne, mbio zianze saa moja kamili asubuhi, jua likiwa limeshachomoza na baridi bado ipo.

Alama za njia zifungwe alfajiri ya siku yenyewe. Ukizifunga jioni ya Krismasi, watoto watachukua tepe kupambia nyumba, na ng'ombe watatafuna zilizobaki. Dawa tuliyoiona inafaa ni kuwapa watoto wenyewe kazi: wawili kwenye kila njia panda, pamoja na mtu mzima mmoja. Mtoto aliyekabidhiwa kona haiachi.

Hesabu ya watu ndiyo inayoninyima usingizi. Andika jina la kila anayeanza pamoja na namba ya simu ya ndugu yake, tia alama akivuka mstari, na uwe na mtu wa kutembea nyuma ya wote mpaka mwisho. Mwaka mmoja tulipungukiwa na kijana mmoja, tukamtafuta kwenye magenge ya mlimani hadi saa kumi. Alikuwa kwa mama yake, anakula, namba bado iko kifuani; alichoka akakata njia kwenda nyumbani. Sasa tunawaambia kabla hawajaanza, kwa Kiswahili na kwa Kupsabiny, lugha ya huku: ukiacha mbio, rudisha namba.

Kuhusu maji, yachemshwe siku moja kabla, yawekwe kwenye jerikeni safi zenye vifuniko. Uliza kituo cha afya ni nani yuko zamu siku hiyo, maana sikukuu wahudumu hupungua, na uwe na gari lenye mafuta linalosubiri, siyo la kwenda kuazima.

Zawadi ziwe sawa kwa wanawake na wanaume, na zilipwe palepale. Fedha taslimu zitoe mapema, kwa sababu wakati wa Krismasi mawakala wa simu huishiwa, na mshindi aliyeambiwa "njoo kesho" hatakuja mwakani, wala majirani zake.

Mtu wa mwisho akishafika, rudini njiani jioni hiyohiyo mkaokote kila utepe na kila chupa. Asubuhi ya tarehe 27 ng'ombe wanapita hapo.