Jinsi ya kutengeneza uakisi wa kitu kilichokaa mshazari kwenye picha, boksi lisionekane linaelea

Chukua kiberiti, kiweke juu ya simu iliyozimwa skrini, alafu kigeuze kidogo kona moja ikuelekee wewe. Sasa angalia kule chini kwenye kioo. Kiberiti chenyewe unakiona upande wa juu na mbavu mbili, ila kwenye uakisi ule upande wa juu haupo kabisa, zipo mbavu mbili tu zimening'inia kichwa chini na kila ubavu umeanzia palepale mstari wake unapogusa kioo. Inamisha kichwa mpaka jicho likaribie kulingana na simu, uakisi unakolea kama mtu kawasha taa. Inuka tena, unafifia. Rudia hivyo mara tatu nne kabla hujafungua kompyuta, mana karibu kila kitu ntakachosema hapa kipo kwenye hicho kiberiti.

Mi nilijifunza kwa aibu. Nilipewa boksi la bidhaa limepigwa picha kona kwa mbele, nikafanya ile tunayofanya wote, nikakopi leya (tabaka la picha), nikaipindua juu chini, nikashusha opasiti (ukolevu wa leya), nikaweka gradienti (mpito wa taratibu) ya kufifisha, nikatuma nikijiona fundi. Mteja akajibu neno moja: "linaelea". Nikazuum nikaona kweli, uakisi umegusa boksi kwenye kona ya mbele tu, huku na huku kumebaki nafasi zinazopanuka kama mdomo wa ndege ulioachama.

Sababu ni hii. Boksi likiwa limekutazama uso kwa uso mstari wake wa chini umelala, kwaiyo ukiligeuza juu chini mistari miwili inakutana vizuri bila shida. Likikaa mshazari, kitako chake kwenye picha kina umbo la V, kona ya mbele iko chini na mistari miwili inapanda kwenda nyuma. Ukipindua picha nzima ile V inageuka paa la nyumba, na paa na V zinagusana sehemu moja tu. Hakuna kusogeza kutakakokuokoa hapo. Dawa ni kuacha kulifikiria boksi kama kitu kimoja, kila ubavu una uakisi wake na unaning'inia kwenye mstari wake.

Haya, kazi yenyewe. Naeleza kwa Photoshop, programu ya kuhariri picha, Photopea inafanana nayo karibu kila kitu, na GIMP ntaigusa kidogo. Anza na boksi lililokatwa vizuri likiwa kwenye leya yake bila mandharinyuma. Chagua ubavu wa kulia kwa laso ya mistari iliyonyooka, Ctrl+J, tayari una leya ya ubavu huo peke yake. Rudi kwenye leya ya boksi ufanye hivyohivyo kwa ubavu wa kushoto. Upande wa juu usiukopi, umeona mwenyewe kwenye simu kwamba hauonekani. Zile leya mbili zigeuze ziwe "smart object" (leya inayotunza picha yake ya asili) kabla ya chochote, mana utazivuta na kuzirudisha mara nyingi na kila ukivuta leya ya kawaida picha inazidi kuchakaa.

Sasa kaa na ubavu wa kulia. Bonyeza Ctrl+T, klik ya kulia, chagua "Flip Vertical", alafu ushushe mpaka kona yake ya mbele iguse kona ya mbele ya boksi. Upande wa nyuma utakuwa umeanguka chini sana, usiogope. Hapa ndo watu wengi wanaanza kuvuta kona nne moja moja kwa kukadiria mpaka jioni, na hakuna haja, kama kamera ilikuwa haijainama unachohitaji ni "Skew" (kuinamisha umbo upande) tu, na kiasi chake kinajulikana: ni mara mbili ya ule mpando wa mstari wa chini.

Tuseme ubavu una upana wa pikseli 300, na kutoka kona ya mbele hadi ya nyuma mstari wake wa chini unapanda pikseli 150. Shika Ctrl+Shift, kamata kile kishikio cha katikati upande wa nyuma, kipandishe pikseli 300. Basi, imekaa. Mstari wa juu wa uakisi umelala juu ya mstari wa chini wa boksi bila hata uwazi wa nywele. Ukitaka kuhakikisha, pima urefu wa wima: kama ukingo wa mbele wa boksi una pikseli 600 na wa nyuma 480, kwenye uakisi utakuta 600 na 480 vilevile. Alafu angalia miinuko. Mstari wa juu wa boksi unapanda 30 tu, wa kitako 150, na mstari wa chini kabisa wa uakisi unapanda 270. Yaani kila ukishuka unazidi kuwa mkali, kwa hatua ya 120, na yote mitatu ukiirefusha inaenda kukutana nukta moja huko mbali. Mi nilipoona hizo namba zinakubaliana nilikaa nikacheka peke yangu.

Ubavu wa kushoto ni hivyohivyo kwa upande wake, una mpando wake, pima upya, usitumie namba ya kulia.

Kama kamera ilikuwa imeinama kutazama chini utaijua, mistari ya wima ya boksi itakuwa inasogeleana kadri inavyoshuka. Hapo baada ya skew malizia na "Distort" (kuvuta kona moja moja) ili kingo za uakisi ziendeleze mwelekeo uleule wa kingo za boksi, na uakisi uwe mfupi kidogo kuliko boksi. Kwenye GIMP kifaa cha skew kinaitwa "Shear", kugeuza ni Shift+F, na ile ya kuvuta kona ni "Perspective", Shift+P.

Kwenye ile kona mbavu mbili zinapokutana mara nyingi kunabaki kamstari kembamba cheupe. Pandanisha leya kwa pikseli moja tu kanapotea. Lakini sasa ukishusha opasiti kwa kila leya peke yake, pale zilipopandana patakolea na utapata kamstari keusi badala ya keupe, umehamisha tatizo tu. Ziweke zote mbili kwenye grupu moja, opasiti ishushe kwenye grupu.

Ishu ya kufifisha nayo ina mtego. Tumezoea kuvuta gradienti kwenye maski (kifuniko kinachoficha sehemu ya leya) wima kutoka juu kwenda chini, lakini kwa kitu mshazari ukifanya hivyo uakisi wa kona ya mbele utakuwa umeshafifia wakati ule wa nyuma bado umekolea, na vyote viwili viko palepale vinapogusa meza. Kila ubavu upe maski yake na uvute gradienti ikiwa imekatiza mstari wa chini wa ubavu huo kama herufi T, sio wima wa ukurasa. Na kabla hujafifisha jiulize meza ni ya nini, kioo cha kujitazamia hakififishi kitu, uakisi wake ni mkali mpaka mwisho, kinachofifisha na kutia ukungu ni uso usio laini sana kama mbao iliyopigwa vanishi au sakafu ya marumaru. Kwa hizo, karibu na mguso acha mkali kabisa, ukungu uongezeke kadri unavyoshuka: kopi leya, iwekee "Gaussian Blur", alafu maski ioneshe ule ukungu sehemu ya chini tu.

Opasiti kiasi gani? Rudi kwenye kiberiti. Kioo kama hicho cha simu ukikitazama kwa juu moja kwa moja uso wake unarudisha kama asilimia 4 tu ya mwanga, maji kama 2, na ukilala karibu kulingana na uso inapanda kwenda karibu na 100. Kwaiyo picha iliyopigwa kutoka juu yenye uakisi wa asilimia 60 inaonekana feki hata kwa mtu asiyejua lolote, atasema tu kuna kitu. Mi picha iliyopigwa kutoka juu naanzia asilimia 15, ya kamera iliyo chini naanzia 40, alafu naangalia. Meza nyeusi uakisi unasomeka zaidi, meza nyeupe unamezwa.

Usichanganye na kivuli. Kivuli kinakimbia taa, uakisi haujali taa iko wapi, unakaa chini ya kitu chake siku zote. Vyote viwili viwepo, na pale kwenye mguso piga brashi laini nyeusi nyembamba kwenye leya ya "Multiply" (inayotia giza kilicho chini yake), hako kamstari ndo kanakokalisha boksi mezani.

Vitu visivyo boksi vinafuata akili ileile. Meza au kiti, kila mguu ukate peke yake uning'inie kwenye nyayo yake, na ujue uakisi wa kiti unaonesha chini ya kikalio, kitu ambacho kwenye picha yako hakipo, itabidi upige picha ya pili kamera ikiwa chini kabisa au uchore. Kiatu vilevile. Chupa na vikombe kitako chake ni duara, ukingo wa mbele umebinuka kwenda chini na ukipindua unabinukia juu, hapo tumia "Warp" (kupindisha umbo) uvute pembeni kwenda juu mpaka ulale kwenye kitako.

Na maandishi kwenye boksi. Kuna mtu badala ya kupindua anazungusha digrii 180, anaona vyote ni kichwa chini basi sawa. Sio sawa: ukizungusha, ukigeuza simu yako juu chini unasoma jina la bidhaa vizuri kabisa kwenye uakisi, wakati uakisi wa kweli hata ukigeuza simu herufi bado ziko kinyume. Nikiona picha kama hiyo mkono wenyewe unageuza simu.