Jinsi ya kumpata malkia wa mavu na kumlea mpaka vibarua wa kwanza watoke

Nafuga mavu nyuma ya nyumba, kusini mwa Uingereza. Ni mavu wa Ulaya, Vespa crabro, ambaye kwetu Afrika Mashariki hayupo. Majirani wananiona nimerukwa na akili, ingawa mavu huyu ni mpole kuliko sifa anazopewa, mradi usikitikise kiota chake.

Kwanza sheria. Ujerumani analindwa, humgusi bila kibali. Hapa halindwi, lakini ukiona mwenye mwili mweusi, miguu ya manjano na mshipi mmoja wa rangi ya chungwa karibu na mkia, huyo ni Vespa velutina wa Asia, aliyeonekana Ufaransa 2004 na kufika hapa 2016. Kumfuga ni kosa. Mpige picha, toa taarifa.

Hatua ya 1: Kumtafuta. Vuli ikiisha kiota kizima hufa, wanabaki malkia wachanga waliokwisha kupandwa. Hujichimbia kwenye magogo yaliyooza au chini ya magome, mabawa na vipapasio vimekunjwa tumboni. Usiwachimbue. Nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza: malkia akaamka Februari, hakuna joto wala utomvu, akafa mikononi mwangu. Subiri Aprili na Mei. Mchana wenye jua wavizie kwenye miti inayovuja utomvu; usiku huvutwa na taa za barazani.

Hata hivyo, malkia uliyemkamata akiruka mara nyingi atazunguka sandukuni mpaka achoke, asijenge kitu. Mimi siku hizi namtafuta aliyekwisha kuanza. Chungulia vibanda, stoo na masanduku ya ndege: kiota kinaning'inia kwa kikonyo chembamba, kikubwa kama ndimu, na malkia amejiviringisha kwenye kikonyo kuwapasha mayai joto.

Hatua ya 2: Sanduku. Plaiwudi, sentimita 25 kwa 25, kimo 50 au zaidi, giza ndani, mlango mdogo chini. Dari liwe la mbao isiyorandwa. Mbele ya mlango funga kizimba cha wavu wa waya awe na pa kuruka.

Hatua ya 3: Kuhamisha. Nenda usiku, kwa taa nyekundu. Mfunike malkia kwa chupa, kata kikonyo kwa kisu chembamba, kibandike kwenye dari kwa tone la gundi moto. Iache ipoe kwanza, ndipo umwingize. Kiota kielekee chini kama kilivyokuwa, kikipinduliwa kimeharibika. Mwache gizani mpaka asubuhi. Akirudi kwenye kikonyo, umefaulu.

Hatua ya 4: Kulisha. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Weka asali iliyochanganywa na maji kwenye sifongo, asizame, na kipande cha mti uliooza, chenye unyevu, cha kujengea. Mavu hachukui ubao mgumu kama nyigu wa kawaida. Nyama ni nzi, nondo na nyenje, wazima au waliouawa punde. Mwanzoni mpe kwa kibano: atakata kichwa, miguu na mabawa, abaki na kifua, akitafune kiwe donge na kumpa buu. Buu naye humrudishia tone tamu. Utajuaje wana njaa? Tega sikio kwenye ubao. Mabuu hukwaruza kuta za vyumba vyao kwa taya, krr, krr, krr. Ukisikia hivyo na kizimba hakina nzi, umechelewa.

Kila mara unapofungua sanduku ni hasara ya joto, kwa hiyo chungulia kidogo.

Hatua ya 5: Kufungua mlango. Toka yai mpaka kibarua, yaani mavu mfanyakazi, ni wiki tano hivi, zaidi kukiwa na baridi. Wakishatoka watano au sita, ondoa kizimba jioni. Kesho yake wataruka kinyumenyume mbele ya mlango wakilikariri sanduku. Malkia hataacha kutoka papo hapo. Mimi naendelea kuweka asali mpaka nione hatoki tena, kwa kawaida Julai.