Mpenzi wa Kahawa Akiomba Uanachama: Jinsi ya Kumpokea kwenye Chama cha Wafanyabiashara

Barua ya namna hii hufika kwenye kila chama cha kahawa mapema au baadaye. Anayeomba halimi, hanunui mnadani, hakaangi kwa kuuza, wala hajaajiriwa mgahawani. Ana kinu kizuri na mashine nyumbani, na kahawa ya Mbinga anaitofautisha na ya Kilimanjaro kwa ulimi. Nusu ya kamati husema chama ni cha kazi, si cha starehe. Nusu nyingine huhesabu ada yake. Ushauri wetu: mpokeeni, mpeni meza ya kuonjea na darasa, lakini msimpe kura wala siri za bei. Kazi iliyobaki ni kuliandika hilo vizuri ili lisije kuzaa ugomvi.

Anayetilia shaka mchango wa mtu asiye na biashara aziangalie mashine za espreso. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wapenzi wa Marekani walianza kufunga vidhibiti joto vya PID, vinavyopima joto kila mara na kulishika palepale na vilivyokuwa vikitumika viwandani kwa kazi nyingine, kwenye mashine ndogo za nyumbani kama Rancilio Silvia. Thamostati ya kawaida ilikuwa ikiliacha joto la maji lipande na kushuka kwa nyuzi nyingi kati ya kuwaka na kuzima, na kikombe kikabadilika nalo. Miaka michache baadaye watengenezaji wa mashine za migahawa nao wakawa wanakifunga kidhibiti hicho kiwandani. Mwenye mgahawa alikuwa na foleni ya wateja. Muda wa kupima joto Jumapili nzima alikuwa nao mpenzi.

Anzeni na tafsiri ya nani ni mpenzi. Msiandike "mtu mwenye mapenzi na kahawa", maana hata msafirishaji mkubwa ana mapenzi nayo. Kigezo kiwe kipato: mwanachama mpenzi ni yule ambaye yeye, mwenzi wake au kampuni yake hawapati malipo yoyote kutokana na kulima, kununua, kukoboa, kukaanga, kuuza au kufundisha kahawa, wala kuuza vifaa vyake. Neno "mwenzi" lisiachwe. Bila hilo, mnunuzi humwingiza mkewe au mumewe kama mpenzi, akawa na masikio mawili kwenye kila kikao.

Anayekaangia nyumbani na kuwauzia majirani ndiye atakayewasumbua zaidi. Katiba nyingi humwacha aelee. Mwekeeni mstari: akianza kuuza, hata robo kilo, anaiarifu kamati ndani ya siku 30 na kuhamia daraja la wafanyabiashara wadogo mwaka wa ada unaofuata. Daraja hilo liwe na ada anayoimudu. Msipoliweka, ataficha mauzo yake, na hapo mtakuwa mmemfundisha uongo nyinyi wenyewe.

Kuhusu haki, andikeni anachopata na asichopata kwenye ukurasa mmoja. Apate mafunzo, vikao vya kuonja, maonyesho, jarida la chama na nafasi ya kujitolea kwenye mashindano ya barista. Asipige kura kwenye mkutano mkuu, asigombee uongozi, asihudhurie vikao vinavyojadili bei, mikataba, au sampuli ambazo mwenye nazo hajaruhusu zitajwe. Tusiwe wagumu kupita kiasi hapa: kiti kimoja cha kusikiliza kwenye kamati ya mafunzo hakimdhuru mtu. Lakini wapenzi wakiwa wengi kuliko wafanyabiashara, kura zao zinaweza kupandisha ada ya mkulima ili kugharimia tamasha la mjini. Hatari hiyo haipungui kwa sababu wana nia njema.

Ada isiwe ya huruma. Pigeni hesabu ya gharama halisi. Kikao kimoja cha kuonja sampuli 6, kila sampuli vikombe 5, kwa kipimo kilichoenezwa na SCAA, kilichokuwa chama cha kahawa maalumu cha Marekani, cha gramu 8.25 kwa mililita 150 za maji, kinakula gramu 247.5 za kahawa iliyokaangwa. Ukaangaji wa wastani hupunguza uzito kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo andaeni kama gramu 300 za kahawa safi. Maji ya kumimina ni lita 4.5, bila ya kusuuzia vijiko. Ongezeni gesi au umeme, mkaangaji na chumba, mgawanye kwa watu 8. Zaidi ya 8 kwenye meza moja, wa mwisho anaonja kahawa iliyopoa.

Kwenye meza ndipo mpenzi hutengeneza au huharibu, na mara nyingi anaharibu kwa mambo madogo. Harufu ya manukato au ya sabuni ya mikono yatosha kufunika harufu ya maua ya kahawa ya Kenya, basi waambieni wote siku moja kabla. Maji yamiminwe yakiwa na nyuzi 93 hivi. Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo yanamiminwa yakishatulia kidogo tu. Dar es Salaam na Mombasa yanachemka kwa 100, na anayemimina papo hapo atazidisha joto kwenye sampuli zote kisha alaumu mkaangaji. Baada ya dakika 4, povu la juu livunjwe kwa kijiko, mara tatu, bila kuchimba hadi chini. Mgeni huchimba. Unga ulioinuliwa unaendelea kutoa uchungu, na kikombe hicho hakilingani tena na vinne vingine. Kuonja kunaanza maji yakishuka karibu na nyuzi 70, na tena yanapopoa, kwa sababu kasoro nyingi hujificha kwenye joto.

Kanuni moja msiiregeze: hakuna kusema neno kabla kila mtu hajaandika alama zake. Mpenzi aliyesoma sana hupenda kutangaza "jasmini!" mapema, na meza nzima inaanza kunusa jasmini. Kwa miezi ya mwanzo alama zake zikusanywe lakini zisihesabiwe.

Lini zihesabiwe? Tumieni vikombe vitatu-vitatu: viwili kahawa ileile, kimoja tofauti, naye atafute kilicho tofauti. Fanyeni seti 6. Anayebahatisha hupata 2 kwa wastani. Kupata 5 au zaidi kwa kubahatisha kuna uwezekano chini ya 2 kwa 100, basi hiyo iwe alama ya kufaulu, na irudiwe kila mwaka. Wafanyabiashara nao wafanye mtihani huohuo. Baadhi watafeli, na kelele kuhusu wapenzi zitapungua sana siku hiyo.

Kuna kazi ambayo wapenzi wanaifaa hasa. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo kuna kasoro ya ladha ya kiazi kibichi, inayohusishwa na mdudu kimatira anayetoboa tunda. Punje moja huharibu kikombe kimoja, na vinavyobaki vinatoka safi, kwa hiyo vikombe 5 vya sampuli vinaweza kuikosa kabisa. Wapenzi 20 waliopewa nusu kilo kila mmoja kutoka fungu moja, wakisaga gramu 15 kwa kikombe, wanaonja vikombe zaidi ya 600. Wapeni fomu yenye mistari mitatu tu: tarehe, idadi ya vikombe, vyenye kiazi vingapi. Wanuse unga mkavu kabla ya kumimina, maana harufu hujitokeza hapo mara tu baada ya kusaga. Fomu ndefu haijazwi.

Leseni nayo isisahaulike. Mpenzi akishakwenda shambani na chama, hurudi anataka kununua gunia moja kwa mkulima aliyempa chai. Tanzania, ununuzi wa kahawa kwa mkulima unasimamiwa na Bodi ya Kahawa, na kadi ya uanachama si leseni. Andikeni sentensi hiyo nyuma ya kadi yenyewe. Wakulima wa ushirika wakimwona mtu mwenye beji ya chama akipima kahawa uani kwa mwanachama wao, atakayeitwa kujieleza ni mwenyekiti wenu.

Kumtoa mwanachama kuwe na hatua: onyo la maandishi, siku 14 za kujibu, kisha uamuzi wa kamati kwa theluthi mbili. Makosa ya kuruka hadi hatua ya mwisho ni mawili tu, kuvujisha bei au jina la mwenye sampuli, na kununua au kuuza kwa jina la chama. Kubishana kuhusu kahawa chungu ya dele kama ni bora kuliko espreso si kosa, hata kikao kikichelewa.