Somo: Studio ya chumbani, tengeneza chumba kabla ya kununua maiki

Habari zenu wadau. Karibu kila wiki kuna mtu ananiuliza anunue maiki gani ili vokali zake, yaani sauti yake ya kuimba, zitoke safi. Naomba kabla ya kutoa hela tuelewane jambo moja: mara nyingi kinachoharibu rekodi ni chumba. Maiki nzuri ukiiweka kwenye chumba kibaya, ubaya wa chumba itaunasa vizuri zaidi.

Mimi niko Ngamiani, Tanga. Chumba changu ni mita 3 kwa 3, kuta za plasta, sakafu ya saruji, juu bati bila dari. Najua wengi wenu mko kwenye chumba cha namna hii hii, kwa hiyo nitaeleza nilivyofanya mimi.

Hatua ya 1: Kisikilize chumba

Zima kila kitu, simama katikati, piga kofi moja kali. Ukisikia mlio unaofuata, kama waya uliopigwa, trrring, hiyo ni sauti inayorushwa huku na huku kati ya kuta mbili zinazotazamana. Zunguka ukipiga kofi na uweke alama ya chaki pale mlio unapozidi.

Chumba cha mraba kina tatizo la pili. Kwenye joto letu sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde, hivyo kuta zilizoachana mita 3 huivimbisha besi ya karibu Hz 58 (mitetemo 58 kwa sekunde). Kwa kuwa urefu na upana ni sawa, uvimbe unatokea mara mbili palepale. Kwenye kona besi inanguruma, katikati ya chumba inapotea. Kwa hiyo usiweke kiti cha kufanyia miksi (kuchanganya na kusawazisha sauti) katikati kabisa. Kisogeze kuelekea ukuta mmoja. Kusogeza kiti hakuna gharama.

Hatua ya 2: Tengeneza paneli za sufi

Hapa ndipo ningependa mtu mwenye hela kidogo azitumie. Sponji nyembamba za dukani, zile zenye meno meno, hunyonya sauti za juu tu na kuacha besi na katikati vilevile, halafu vokali inatoka imefubaa. Kinachotakiwa ni unene, na sisi watu wa pwani tuna sufi kwa mafundi magodoro, na Tanga hii tuna katani kila upande.

Mwambie seremala akukatie fremu za mbao ya inchi 1 kwa 4, urefu sentimita 120, upana 60. Nne zinatosha kuanzia. Nyuma gongomea wavu wowote wa kushikilia. Jaza sufi uliyoichambua vizuri, mbegu na vijiti vyote vitoke, usiishindilie. Mbele funika kwa khanga iliyochakaa. Kabla ya kuchagua kitambaa kiweke mdomoni upulize: pumzi ikipita bila shida, na sauti itapita. Kitenge kizito chenye nta kitakurudishia sauti usoni.

Sufi ikisimamishwa wima hushuka. Mimi paneli zangu za kwanza baada ya mwezi mmoja zilikuwa zimejaa chini, juu khanga tupu. Dawa yake fundi magodoro anaijua siku zote: pitisha uzi mnene kwa sindano ndefu kutoka mbele hadi nyuma, funga fundo, ruka shubiri moja, rudia. Ukiona kazi hiyo inakuchosha, chini weka katani na juu sufi, maana katani inajishika yenyewe.

Usizibandike ukutani moja kwa moja. Acha nafasi ya sentimita 10 nyuma. Hewa iliyogusana na ukuta haina pa kwenda; inatikisika zaidi ikiwa mbali na ukuta, na paneli hufanya kazi pale hewa inapopita ndani yake. Ndiyo maana besi ni ngumu kuikamata: wimbi la Hz 100 lina urefu wa karibu mita 3.5, na robo yake tu ni sentimita 87.

Naomba hili mlichukulie kwa uzito: sufi hushika moto haraka sana. Paneli zikae mbali na swichi, balbu na nyaya zilizoungwaungwa, na humo chumbani usiwashe kabisa dawa ya mbu ya kufuka. Tundika chandarua.

Paneli ya kwanza iende nyuma ya mwimbaji. Wengi huiweka nyuma ya maiki, lakini maiki za kuimbia kwa kawaida husikia mbele, na mbele yake yupo mwimbaji na ukuta ulio nyuma yake. Ya pili na ya tatu ziende kushoto na kulia, kwenye zile alama za chaki. Ya nne itundike juu ya kichwa, maana bati nalo linarudisha sauti. Kitanda na godoro viache humo humo, vinasaidia.

Hatua ya 3: Maiki

Sasa nunua. Kwa nyumba zetu zenye madirisha ya vioo vya kupishana nashauri maiki ya dainamiki. Aina ya pili, kondensa, ni sikio kali, inahitaji volti 48 kutoka kwenye saundi kadi (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta), na itakuokotea kunguru wa kwenye mwembe wa jirani. Shure SM58 imekuwepo tangu 1966 na bado watu wanaiimbia, ila za bandia ni nyingi, kwa hiyo ijaribu kabla ya kulipa.

Simama sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye maiki. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inaongezeka takriban desibeli 6 (kipimo cha ukubwa wa sauti) na chumba kinabaki palepale. Ukisogea karibu mno, besi ya sauti inavimba. Kuzuia pumzi za P na B, vuta soksi ndefu ya nailoni juu ya duara la kudarizia, iweke kati ya mdomo na maiki. Mgongo wa maiki uelekeze kwenye kelele: dirisha, au feni ya kompyuta.

Hatua ya 4: Viwango

Kwenye programu ya kurekodia chagua ubora wa biti 24, 48 kHz. Sauti ya juu kabisa isivuke desibeli -10 hivi kwenye mita ya programu. Ikigusa sifuri imeharibika na hairekebishiki. Dakika moja ya maiki moja ni kama MB 8.6, kwa hiyo hata laptop ya zamani inamudu. Programu ya Audacity ni ya bure. Reaper unaijaribu siku 60, leseni yake ya punguzo, kwa matumizi binafsi na biashara ndogo, ni dola 60. Hifadhi kazi kila baada ya dakika chache, umeme mnaujua.

Maswali ya wanachama

Kutoka Makorora: Kaka, mimi nimeshabandika trei za mayai ukuta mzima. Nizing'oe?

Zing'oe, ndugu yangu. Ni karatasi nyembamba, hazina unene wa kunyonya chochote cha maana, zinawaka upesi na mende wanazipenda. Na nikuongezee: hata paneli zangu hazizuii kelele ya bodaboda kuingia. Kunyonya mwangwi na kuzuia kelele ni kazi mbili tofauti. Kuzuia kunataka uzito na kuziba nyufa. Kwa hela yetu, panga saa. Mimi narekodi baada ya Isha, feni imezimwa, na mvua ikipiga bati naahirisha.

Kutoka Muheza: Mkuu, sina saundi kadi, nina simu tu.

Anza nayo. Weka hali ya ndegeni, tumia programu inayohifadhi WAV (faili ya sauti isiyobanwa), iweke sentimita 20 pembeni kidogo ya mdomo, mbele ya paneli moja. Ukipata hela, paneli bado utazitumia.

Kutoka Bagamoyo: Shikamoo mwalimu. Nasoma TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), tunataka kurekodi ngoma na marimba chumbani. Ngoma inapasua kila kitu.

Marahaba. Ngoma haitaki maiki ya karibu kwenye chumba kidogo. Rudisha maiki mita moja au zaidi, iinue juu ya kichwa cha mpigaji, punguza geini (kitufe cha kuongeza nguvu ya maiki) hadi pigo kali liishie desibeli -12. Marimba irekodi peke yake. Kama mna ukumbi wenye dari ya juu, fanyieni huko. Ngoma inahitaji hewa. Na maiki zenu mkimaliza zifungieni kwenye boksi pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, chumvi ya bahari inaua jeki.

Kutoka Pongwe: Kuna mvumo kwenye hedifoni nikichomeka chaja.

Chomoa chaja, rekodi kwa betri. Mvumo ukiisha, chanzo kilikuwa chaja au waya wa ardhi wa nyumba; mwite fundi umeme aangalie, na usikate ule mguu wa ardhi wa plagi. Waya wa maiki usiulaze sambamba na nyaya za umeme.

Kutoka Chumbageni: Mwanangu, mimi ni mtu mzima, tuna kikundi kidogo cha taarab, udi, dumbaki na waimbaji wawili. Maiki ni moja. Inawezekana?

Shikamoo mama. Inawezekana vizuri sana. Waimbaji wasimame karibu na maiki, udi nyuma yao kidogo pembeni, dumbaki mbali kabisa. Rekodini dakika moja, sikilizeni, kisha sogezeni watu badala ya kugusa vitufe: udi ukimezwa, mpigaji asogee hatua moja mbele. Mkipiga udi peke yake, maiki itazame pale shingo inapoungana na mwili, siyo kwenye tundu, litanguruma. Ninazo paneli mbili za ziada, mnaweza kuja kuziazima Jumamosi.